Alizitumia Sekunde Tatu Kunitazama Mimi

Mpira ulimfikia GS, mfungaji wa timu yetu ya netiboli, akiwa pembeni mwa nusu duara, hatua nne au tano kutoka kwenye nguzo ya goli. Mlinzi wake alikuwa ameteleza na kuanguka. Robo ya nne ilikuwa inaishia na tulikuwa nyuma kwa goli moja. Watu waliozunguka uwanja pale Tabora walishashika vichwa, upande wao kwa hofu, upande wetu kwa matumaini. Mbele yake hapakuwa na mtu. Kilichobaki ni kuinua mikono tu.

Hakuinua.

Aligeuza shingo akanitafuta mimi, kocha wake, kwenye benchi. Tukatazamana. Mimi nimesimama, mdomo wazi, neno halitoki. Kwenye netiboli ukishadaka mpira una sekunde 3 za kuuachia, na binti yule zote 3 alizitumia kunitazama mimi.

Filimbi ikalia. Mpira ukaenda kwa wenzetu, wakapigiana pasi mbili tatu, muda ukaisha.

Hii ni wiki ya saba. Kikombe tulichokosa nimeshakisahau. Yale macho bado.

## Behewani

Treni ya kurudi Kigoma iliondoka Tabora usiku, imechelewa. Wakati wa kwenda wasichana waliimba kutoka Uvinza mpaka Urambo, abiria wengine wakiwapigia makofi. Wakati wa kurudi Urambo ilipita, Kaliua ikapita, Usinge ikapita, na mtu anamenya karanga zake bila kumwambia mwenzake karibu.

Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza. Maneno nilishayapanga tangu stesheni: ulikuwa peke yako, ulikuwa na nafasi, umetuangusha. Nimekuwa na timu hii ya chuo chetu cha ualimu kwa miaka tisa, na hotuba ya baada ya kushindwa nimeikariri.

Tulipokaribia Nguruka alikuja mwenyewe, akakaa ukingoni mwa kiti changu.

"Madam, samahani."

"Kwa nini hukufunga?"

"Ulisema tukiwa pembeni tusifunge. Mpira urudi kwa GA." Alimaanisha mfungaji mwenzake. Akanyamaza kidogo. "GA alikuwa amebanwa, Madam. Sikuona pa kumpitishia. Nikadhani utaniambia."

Hakuwa analaumu. Alikuwa anaeleza, kama mgonjwa anavyomwonyesha daktari panapouma.

Hotuba yangu ikaishia hapo.

Ni kweli nilisema. Nimelisema jambo hilo karibu kila jioni kwa miaka tisa: ukiwa pembeni usifunge, rudisha kwa GA. Binti huyu ndiye aliyekuwa mtiifu kuliko wote uwanjani siku ile. Amri yangu ilimfikisha mahali ambapo haitekelezeki, na sikuwa nimempa kitu kingine cha kushika. Angekuwa anajua amri ile inakinga nini, angejua pia ni wakati gani haikingi kitu. Hakuwa na namna ya kujua. Alikuwa na mimi tu.

Tuliongea mpaka karibu na Uvinza. Nikajua kwamba baba yake anavua dagaa na hushushia mzigo Kibirizi, na kwamba kila Jumamosi, kabla ya kuja mazoezini, yeye hupita mitaa ya Mwanga na beseni kichwani akiuza. Ndiyo maana Jumamosi huja akiwa amechoka. Mimi nilikuwa nikimwambia mvivu.

## Asubuhi ubaoni, jioni uwanjani

Mimi ni mkufunzi wa saikolojia ya elimu. Kila mwaka nafika kwenye mada ya mitindo ya uongozi, nachukua chaki na kuandika ubaoni majina matatu: Kurt Lewin, Ronald Lippitt, Ralph White. Mwaka 1939 walichapisha majaribio waliyoyafanya Iowa, Marekani, na wavulana wa miaka 10 hivi waliokuwa wakikutana kwenye vikundi vya kazi za mikono, wakitengeneza vinyago vya kuvaa usoni. Kikundi kikiwa chini ya kiongozi wa kiimla, kazi ilikwenda. Kiongozi akitoka chumbani, kazi ilisimama. Waliokuwa na kiongozi wa kidemokrasia waliendelea hata asipokuwepo.

Wanachuo wangu hulijibu swali hilo vizuri sana kwenye mtihani. Nawapa alama zao.

Kisha saa kumi jioni nabadili viatu, nashika filimbi, nashuka uwanjani.

Kule Tabora kiongozi hakuwa ametoka chumbani. Alikuwa mita chache nje ya mstari, amenyamaza kwa sekunde 3. Ikatosha kazi kusimama.

Na hawa si wavulana wa miaka 10. Ni watu wazima wa miaka ishirini na kitu. Mwakani watakuwa mbele ya madarasa Kakonko, Buhigwe, Kibondo, na mtoto atakayenyoosha mkono kuuliza atajibiwa vile wao walivyojibiwa hapa chuoni, darasani na uwanjani. Hilo ndilo lililoninyima usingizi kuliko goli.

## Sentensi 40

Nilirudi kwenye kabati la vitabu. Packianathan Chelladurai, mzaliwa wa India aliyefanya kazi Kanada, pamoja na mwenzake Saleh, walitoa mwaka 1980 dodoso la kupima uongozi wa kocha. Lina sentensi 40 katika mafungu matano: kufundisha na kuelekeza sentensi 13, demokrasia 9, kumjali mchezaji kama mtu 8, kupongeza 5, uimla 5. Mchezaji hujaza kocha anavyomtaka awe, kisha hujaza kocha anavyomwona alivyo. Kocha naye ana karatasi yake ya kujieleza mwenyewe. Chelladurai anashikilia kwamba kuridhika kwa mchezaji kunategemea sana karatasi hizo zinakaribiana kiasi gani.

Nilizitafsiri sentensi zote kwa Kiswahili, usiku kucha mara mbili, umeme ukikatika naendelea kwa tochi ya simu. Fungu la uimla nililiacha la mwisho kwa sababu nililiogopa. Nilitegemea kujikuta humo: anafoka, anakejeli, anakimbiza watu kuzunguka uwanja mpaka waanguke.

Hamna sauti humo.

Sentensi zile tano, kwa maneno yangu, zinasema hivi. Anafanya mambo yake kivyake bila kuwahusisha wachezaji. Haelezi sababu ya anachokifanya. Halegezi msimamo. Anajitenga. Anaongea kwa namna isiyoruhusu kuulizwa.

Haelezi sababu.

Nilikaa na maneno hayo muda mrefu. Kocha mpole kabisa, asiyepaza sauti, anayemwita kila mmoja mwanangu, anaweza kupata alama zote za uimla hapo. Mimi tangu nizae mtoto wangu wa kwanza nilipunguza ukali, nikaacha maneno mabaya, nikajihesabu kuwa nimebadilika. Miaka yote nimekuwa nikichunguza koo langu, na tatizo halikuwa kooni.

## Nilitafuta pa kujificha

Kabla ya kuwapa wasichana karatasi zile, nilitafuta sababu ya kutowapa. Nikaipata.

Mwaka 1988 Chelladurai na wenzake walilinganisha wanamichezo wa vyuo vikuu vya Japani na Kanada. Wajapani walipendelea uimla wa kocha zaidi ya Wakanada. Wakanada walitaka zaidi kufundishwa na kuelekezwa. Nikajisemea, ndiyo hivyo, ni desturi. Kwetu pia mkubwa akisema, amesema. Samaki mkunje angali mbichi. Kwa nini nichukue karatasi ya Kanada nikapime nayo watoto wa Kigoma?

Mwenzangu anayefundisha timu ya mpira wa miguu ya wavulana aliniongezea nguvu. Tulikuwa tunakula mgebuka wa kuchoma ziwani, nikamweleza mpango wangu, akaweka mfupa chini.

"Dada, wanachuo wa siku hizi ukiwaeleza sana watakupanda kichwani. Mpira hauna mjadala. Beki ameanguka, mpira uko mguuni, nani ataitisha kikao?"

Siwezi kumdharau. Timu yake inashinda kuliko yangu na vijana wake wanampenda. Hata Chelladurai na Saleh walikuta wanafunzi wa kiume wakipendelea uimla zaidi ya wa kike, kwa hiyo huenda anawajua watu wake.

Lakini nilirudi kuisoma habari ya Wajapani mara ya pili, polepole, na mara hii nikaona nilichokiruka. Palepale walipopendelea uimla kuliko Wakanada, walipendelea pia kujaliwa kuliko Wakanada. Aliyekubali kuamriwa alitaka na kuangaliwa: amekula, amelala wapi, nyumbani kuna nini. Nikamkumbuka mwenzangu. Anamjua kijana asiye na nauli ya kurudi kwao Kasulu. Ameshavua viatu vyake mwenyewe akampa mchezaji kabla ya mechi. Amri yake imesimama juu ya kitu. Ya kwangu ilikuwa imesimama juu ya filimbi.

Na kuhusu kikao, ana haki. Beki akishaanguka hakuna kikao. Ndiyo maana yule binti alihitaji kuwa na sababu kichwani kabla beki hajaanguka.

Nikachapa karatasi.

## Nyuma ya karatasi moja

Hapa nilisita sana. Hawa ni wanafunzi wangu. Nasahihisha maandalio yao ya masomo, naandika ripoti zao za mafunzo kwa vitendo. Ni nani atamwandikia mkufunzi wake ukweli? Nikaamua kapteni agawe, wajaze bila jina, waweke alama ya vema tu, akusanye, ajumlishe yeye, aniletee jumla. Karatasi zenyewe azichome.

Nami nikajaza ya kwangu. Kwenye sentensi za kufundisha niliweka "kila mara" karibu zote, bila kusita, ikiwemo ile ya kumweleza kila mchezaji afanye nini na asifanye nini.

Kapteni alileta jumla siku ya Ijumaa. Wanachokitaka kilikuwa wazi. Kufundishwa juu kabisa, kupongezwa kunafuata, uimla mwisho. Na ndivyo ilivyokutwa mara nyingi kwa wanamichezo wa vyuo kwingineko pia. Demokrasia ilikaa katikati, na hilo lilinishangaza. Nilidhani wataomba kupiga kura nani aanze na nani akae benchi. Hawakuomba.

Kilichoniuma ni safu ya pili, ya wanavyoniona. Kule nilikoweka "kila mara", wao waliweka "mara chache".

Kapteni alisimama, hakuondoka. Akasema kuna karatasi moja hakuichoma kwa sababu mwenyewe aliomba inifikie. Nyuma yake paliandikwa: "Mpango ni wako Madam, hatuukatai. Tuambie tu kwa nini, ili tukiwa mbali na wewe tujue."

Mwandiko ule naujua. Nilimwambia kapteni ashukuru kwa niaba yangu, na mpaka leo sijamtajia mwenye mwandiko kwamba nimemtambua. Alipoandika alikuwa hajui atajulikana, nami nataka ibaki hivyo.

Usiku ule nilikumbuka kazi ya Ronald Smith na Frank Smoll wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Miaka ya sabini walikaa pembeni mwa viwanja vya besiboli ya watoto na kuhesabu kila kitu kocha alichokifanya. Baadaye wakawauliza makocha wenyewe wanafanya nini. Katika utafiti uliotoka mwaka 1978, makocha walikuwa 51, na kwa jumla hawakujijua. Walichosema hakikulingana na kilichohesabiwa, isipokuwa jambo moja: kuadhibu. Watoto walikuwa mashahidi wazuri kuliko makocha.

Nikifoka, najua nimefoka. Nisipoeleza, sijui kwamba sijaeleza.

Kwa kichwa changu mimi nilikuwa nimeeleza. Sababu zote ninazo ndani, nazisikia, zinaambatana na kila amri ninayotoa. Zinaishia hapo hapo ndani.

Kuna jambo jingine kwenye kazi ya Smith na Smoll ambalo lazima niliseme, kwa sababu mkuu wa chuo ataniuliza. Mwaka 1979 walichapisha matokeo ya makocha waliofunzwa kutia moyo na kuelekeza badala ya kuadhibu. Watoto waliwapenda zaidi makocha hao na kuufurahia mchezo zaidi. Timu zao hazikushinda zaidi ya nyingine. Kwa hiyo siwezi kwenda ofisini kuahidi kikombe. Nimelifikiria hilo kwa siku nyingi, kama linatosha: kubadilika kwa ajili ya kitu ambacho hakitaonekana kwenye ubao wa matokeo. Kuna siku naona linatosha. Siku nyingine, tukifungwa kwenye mechi ya mazoezi na timu ya mtaani, naitamani filimbi yangu ya zamani.

## "Kwa nini?"

Nilitangaza Jumatatu. Kuanzia leo, nikisema jambo na hujaelewa sababu yake, uliza.

Hakuna aliyeuliza.

Wiki ya kwanza, ya pili, kimya. Walikuwa wananiangalia kwa adabu ile ile na kusema "sawa, Madam". Nilikuwa nimetoa amri nyingine tu, ya kwamba waulize. Nikaanza kuyatoa maelezo mwenyewe bila kungoja: senta, usimpe WA (mshambuliaji wa pembeni) akiwa amesimama, mpe akiwa anakimbia, kwa sababu akidaka amesimama mlinzi wake ameshajipanga. WD (mlinzi wa pembeni), kaa upande huu, kwa sababu yule anatumia mkono wa kulia. Ilinichosha. Mazoezi yalikwenda taratibu, na kuna sababu nyingine niliona ni nyepesi mara tu zilipotoka mdomoni.

Wiki ya tatu, katikati ya zoezi, GS aliushika mpira kifuani, hakuurusha.

"Madam. Kwa nini tusifunge tukiwa pembeni?"

Uwanja mzima ukatulia. Nilihisi joto linapanda shingoni, lile la zamani. Nikameza mate, nikajibu vizuri. Nikamwambia netiboli haina ubao nyuma ya pete kama kikapu, ukikosa mpira unaanguka popote, na GK wa wenzetu, mlinzi wa goli, kwa kawaida ni mrefu, atauokota.

Akafikiri.

"Lakini Madam, hata nikiwa mbele ya goli, nikikosa unaanguka popote."

Ni kweli. Nusu duara ni mita 4.9 kutoka kwenye nguzo, uwe pembeni, uwe mbele. Umbali ni ule ule, pete ni ile ile, haina ubao upande wowote. Nilitazama nguzo, nikatazama mstari, nikatafuta. Wasichana walikuwa wananingoja, na safari hii mimi ndiye niliyekuwa na mpira mkononi.

"Sijui," nikasema.

Tukaendelea na mazoezi.

## Uwanja wa zamani

Jioni ile nilijiuliza niliitoa wapi amri ile. Haikunichukua muda. Niliipata nikiwa kidato cha pili, kule juu kwenye baridi, kwa mwalimu wangu wa michezo, mwanamke niliyempenda na kumwogopa kwa kiasi kimoja. Sasa amestaafu. Nikampigia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

Tukasalimiana mpaka mwisho, kama anavyopenda. Kisha nikamuuliza. Ile ya kutofunga tukiwa pembeni, Mwalimu, ilikuwa kwa sababu gani?

Alikaa kimya nikadhani mtandao umekatika.

"Hukumbuki ule uwanja wetu?" akasema. "Pembeni mwa goli kulikuwa na mteremko. Mkikosa, mpira ulikuwa unashuka kwenye mihogo mpaka mtoni, mnakwenda kuutafuta nusu saa, giza linaingia. Na tulikuwa na mpira mmoja, mwanangu. Mmoja tu shule nzima."

Nikamshukuru. Tukaongea habari za mvua na mahindi, nikakata simu, nikakaa sebuleni bila kuwasha taa.

Uwanja wetu hapa chuoni ni tambarare. Mipira tunayo saba.

Kesho yake niliwasimulia wote, kama nilivyosimuliwa, na mihogo na mto. Hawakucheka. GS alichukua mpira, akaenda kusimama pale pale aliposimama Tabora, pembeni, hatua nne au tano kutoka kwenye nguzo. Hakugeuka kunitafuta. Akainua mikono, akarusha.

Akakosa.

Akaufuata mpira, akauokota, akarudi kusimama pale pale.